Mkono Wangu na Chuma cha Bwana Digrii

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimenunua daftari. La ushahidi. Mtu akija kunisingizia, nafungua ukurasa namwonyesha: siku fulani, wewe ulisema hivi, mimi nikasema hivi. Shule yangu ni darasa la watu wazima, miezi mitano, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari yeyote.

Ushahidi wa kwanza. Leo asubuhi mwenye karakana ametuita wote uani: wachambuaji, wasokotaji, wafunga masanduku, na mimi. Pembeni yake kasimama kijana mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linatisha. Mkononi fimbo ya chuma, ndefu kama mkono wangu. Kichwani ina uso wa saa na mshale mmoja. Akasema ni kipimajoto. Akasema neno digrii mara kumi na moja. Nilihesabu. Jina nimempa papo hapo: Bwana Digrii.

Karakana yetu ni ya sigaa. Si sigara za karatasi. Sigaa, nene kama kidole gumba, jani tupu ndani na nje. Watu hudhani unaokota jani, unaviringisha, unawasha. Wajinga. Jani lililokaushwa tu ukilivuta utakohoa mpaka utaje ukoo wa mama yako. Lazima livundikwe kwanza. Tunalinyunyizia maji kidogo, tunalipanga fungu juu ya fungu mpaka lundo linafika kifuani, tunafunika magunia. Lundo linapata joto lenyewe, bila kuni. Ukali unatoka, rangi inaiva. Likipoa mapema, jani linabaki chungu milele. Likizidi moto, linaungua, linakuwa jeusi, ukilishika ni unga. Katikati ya hayo mawili nipo mimi.

Miaka thelathini na moja naingiza mkono wa kulia kwenye tundu la lundo, mpaka begani. Nahesabu kumi. Natoa. Nasema: bado. Au nasema: pindueni. Basi watu wanapindua, la ndani linakuwa nje, la nje linakuwa ndani. Ndiyo maana wananiita Mama Lundo. Sijaunguza jani hata moja.

Sasa mwenye karakana anasema zama zimebadilika. Lundo hili la sasa litapimwa kila siku, kwa mkono na kwa chuma. Jumatatu ijayo ataamua nani abaki. Na si lundo la mchezo. Ni majani ya koti, yale laini ya kuvalisha sigaa kwa nje, ya mwaka mzima. Likiharibika tunafunga mlango, na mjukuu wangu aliyepata meza ya kusokota miezi mitatu tu iliyopita anarudi kukaa nyumbani. Nililipanga mwenyewe Ijumaa, nikinyunyizia maji safu kwa safu.

Nikishindwa, nahamishiwa meza ya kunyofoa uti wa jani. Msimamizi wa meza hiyo ni wifi yangu. Dada wa marehemu mume wangu. Siku ya harusi yangu alisema gauni zuri, tatizo aliyelivaa. Nikae chini ya huyo, aniambie nyofoa vizuri? Bora nivundikwe na majani.

Sasa siri. Tangu mvua zilizopita mkono wangu wa kulia hausikii. Umekufa ganzi, vidole mpaka kiwiko. Juzi jikoni nilisikia harufu ya nyama inaungua, nikauliza jirani anapika nini. Ilikuwa mimi, nimeshika sufuria. Hakuna anayejua. Naingiza mkono, nahesabu kumi, nakunja uso kama mtu anayesikiliza redio ya mbali, nasema lolote. Mpaka leo nimepatia kila mara. Sijui kwa nini. Kipaji.

Baada ya kuandika hayo nimegundua ushahidi wote huu ni wa kunifunga mimi. Daftari nimelificha kwenye kopo la unga.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Wifi kapita asubuhi na kikapu chake. Kila asubuhi lazima apite, na kila asubuhi lazima awe na neno. Leo kasema lundo langu limezubaa kama chai ya mgonjwa. Nikamwambia aangalie kikapu chake kisizubae.

Bwana Digrii katoboa tundu lake mbele, upande wa mlango, penye mwanga, asichafue shati. Tundu langu liko nyuma, upande wa ukuta, penye giza. Mtu mwenye siri anahitaji giza kidogo.

Nilimwambia yeye mgeni, aanze. Heshima kwa mgeni. Akachomeka chuma, akasubiri, akasoma. Nikanyoosha shingo. Mshale uko thelathini na tano. Nikazunguka nyuma, nikaingiza mkono, nikahesabu kumi za polepole, nikarudi nikifuta jasho ambalo halikuwepo. Nikasema thelathini na tano, labda na nusu. Wasokotaji wakapiga makofi. Mwenye karakana akatikisa kichwa kwa mshangao.

Bwana Digrii hakupiga makofi. Alisema kwa adabu, ile adabu ya waliosoma inayowasha kama upupu, kwamba kuanzia kesho bibi aanze, chuma kifuate. Mwenye karakana akaona ni haki. Haki gani? Mkono wa miaka thelathini na moja unafanyishwa mtihani.

Akaongeza kwamba ikifika arobaini na nane lundo linapinduliwa, na kwa hesabu zake itakuwa Jumatano ya wiki ijayo. Kabla ya hapo mtu asiliguse. Hata mimi nasema hivyo. Lundo linalopinduliwa kabla ya wakati ni kama mwana aliyezaliwa kabla ya wakati, unalea kwa machozi.

Kesho nitasema ngapi? Nimekaa jikoni nautazama mkono kama unanidai.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mpango umepatikana. Akili ni nywele, na mimi nina mvi, maana yake zimeiva.

Asubuhi nikipasha chai, mshumaa uliokuwa kwenye rafu juu ya jiko umepinda. Haukuwaka wala kuyeyuka, umepinda tu, umeinama kama mdeni. Nikakaa chini na kufikiri. Mshumaa ukiwa mgumu, joto bado. Ukipinda, joto lina arobaini yake. Ukilainika zaidi ya hapo, pindueni. Nini tofauti yake na chuma cha yule kijana? Wangu hauna kiburi.

Nikakata kipande chake, urefu wa kidole, nikakifunga uzi, nikaficha kwenye mkono wa gauni. Wifi kapita, kasema leo lundo limeamka, nilinyooshe miguu. Nikazunguka nyuma, nikatumbukiza mshumaa kwenye tundu, nikahesabu kumi mara ishirini, nikauvuta. Umepinda kama mgongo wa mzee anayetafuta sarafu.

Nikatangaza: arobaini. Chuma kikafuata. Arobaini na moja.

Karakana nzima ikalipuka kwa vicheko na vigelegele. Mwenye karakana kasema mkono huu ungewekwa kwenye kabati la kioo. Bwana Digrii alikitazama chuma chake, akakigonga na kucha, akakitazama tena. Nilimwonea huruma kwa muda mfupi sana.

Kwa furaha hiyo nikapita kumkagua mjukuu mezani kwake. Alikuwa anakunja utumbo wa sigaa kama anayekunja shuka. Utumbo ndiyo majani ya katikati. Nikamwambia akunje kama feni, mwanangu, mikunjo midogo midogo, moshi upate njia, au unataka mnunuzi avute mpaka mashavu yakutane? Juu ya utumbo anavalisha fulana, jani gumu la kushikilia. Halafu analilaza ndani ya kibao chenye mifereji, kinabanwa, lipate umbo. Halafu ndiyo koti. Nusu jani, laini kama kope, linavutwa bila mkunjo kuanzia miguuni hadi kichwani, na kichwani anamalizia kijikofia kwa gundi kidogo. Nikamwambia koti ndiyo uso. Hakuna aliyewahi kuposa utumbo.

Hanisikilizi. Alikuwa anatazama mkono wangu. Akauliza lengelenge hili kubwa la nini. Nikasema mbu. Akasema, "Bibi, mbu gani huyu, wa kupikia?" Akauliza kama nilisikia maumivu. Akaanza, mficha maradhi. Nikamkatiza hapo hapo. Nikamwambia methali ni mali yangu, yeye asubiri aote mvi kwanza.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Siku ya balaa.

Wifi kapita mapema kuliko kawaida. Kasema nyuma kule, upande wa ukuta, kunanuka mkate ulioungua, na angekuwa yeye angechungulia. Nikamwambia mkate ulioungua ni ule aliotuletea mwaka niliojifungua, na mbwa aliukataa. Akasimama kama ana la kuongeza. Akaenda zake.

Nikatumbukiza mshumaa. Nikahesabu. Nikavuta uzi. Ukaja uzi mtupu.

Fundo limefunguka. Uzi wa siku hizi ni uongo mtupu, mwenye duka nitamwambia. Mshumaa umebaki ndani ya lundo, katikati ya majani ya koti ya mwaka mzima. Nje huko wananisubiri wote. Nikaongeza moja juu ya kipimo cha chuma cha jana: arobaini na mbili, kwa ushirikiano wa mkono na uzoefu. Chuma kikasema arobaini na mbili. Makofi. Sikuyafurahia.

Maana fikiria. Jumatano watapindua. Bwana Digrii atasimama pale na shati lake, atainua fungu, atakuta mshumaa. Mshumaa hauoti kwenye tumbaku. Atauliza umeingiaje, na tundu ni la nani. Kila mtu ataujua mkono wangu. Nta ikigusa koti, basi mnunuzi anawasha sigaa yake na anasikia harufu ya misa.

Wakati wa chakula nilirudi kuuvua. Nilijaribu kijiko kirefu. Nilijaribu waya wa mwavuli. Mwishowe nikaingia mwenyewe mpaka begani, shavu limebanwa kwenye gunia, napapasa kwa vidole visivyosikia. Ningeushika nisingejua. Bwana Digrii akanikuta hivyo. Akauliza bibi anafanya nini. Nikasema nasikiliza. Akasimama kidogo, naye akainamisha sikio kwenye gunia. Tukasikiliza wote wawili kwa muda.

Nimerudi nyumbani sijala. Mjukuu kanipakulia, nikasema nimeshiba. Kasema nimeshiba nini. Nimeshiba aibu, lakini hilo halipakuliwi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Naandika mkono unatetemeka. Wa kushoto. Wa kulia haujui kinachoendelea.

Mpango ulikuwa huu. Lundo lazima lipinduliwe leo, kabla ya Jumatano, na mimi nisimame upande wa ukuta niwe wa kwanza kuuokota mshumaa. Nani anaweza kuamuru lipinduliwe? Chuma. Basi chuma kiseme arobaini na nane au zaidi.

Asubuhi sikutaka kukutana na mtu, nilijifungia chooni mpaka wifi akapita. Kipimo kikasogezwa mchana kwa sababu mwenye karakana alikuwa na wageni. Wote walipokwenda kula nikakichomoa chuma alichokiacha Bwana Digrii tunduni, nikakitumbukiza kwenye chupa yangu ya chai.

Themanini na moja. Chai yangu huwa na nguvu. Kwa themanini na moja lundo lingekuwa limeshawaka na sisi tumeshatawanyika. Nikakitoa nikakipuliza. Sabini na nne. Nikakipepea na khanga. Sitini na sita. Nikasikia viatu vya Bwana Digrii uani. Nikapuliza mpaka kizunguzungu. Hamsini na nane. Nikakirudisha tunduni, nikaruka nyuma ya lundo, nikaingiza mkono wangu.

Nikatoka nikapiga kelele: mkono unasema hamsini na saba.

Mwenye karakana alibadilika rangi. Bwana Digrii akasema haiwezekani, asubuhi alichungulia ilikuwa arobaini na mbili. Akachomoa chuma. Akakisogeza karibu na macho. Hamsini na sita.

Halafu mwenye karakana akasema kwa sauti ndogo, pindueni.

Watu wote waliacha meza zao. Magunia yakaondolewa. Wakaanza upande wa mlango, na mimi nikaona kitu kilichonitoa jasho la kweli. Majani ya mbele yalikuwa mazuri. Ya uvuguvugu tu, rangi ndiyo kwanza inaanza kuiva. Lundo zima, lenye afya, na mimi nimeliamsha usingizini. Likipoa sasa litabaki chungu, koti la mwaka mzima, kwa sababu ya kipande cha mshumaa. Nikamtazama mjukuu. Alikuwa anabeba mafungu kifuani kama anabeba watoto. Miezi mitatu tu amekaa kwenye meza ile. Nilitaka kusema acheni. Badala yake nikasogea upande wa ukuta, kuuwahi mshumaa.

Ndipo wakafika upande wa ukuta.

Mvuke ukapanda mpaka darini. Harufu ya mkate ulioungua ikatujaa puani. Aliyeinua fungu la kwanza akalitupa, likimchoma. Majani yamekuwa ya kahawia iliyokolea, pembeni yameanza weusi. Bwana Digrii akaingiza mkono wake mwenyewe, akautoa haraka akiupuliza, akasema siku moja zaidi, bibi. Siku moja zaidi moto ungevuka katikati, na lisingebaki jani.

Tumepindua mpaka saa kumi na moja. Yameungua majani arobaini hivi. Mengine yote yamepona. Yote. Mwenye karakana alikaa juu ya sanduku tupu akajifunika uso kwa kofia. Halafu akanyanyuka akanikumbatia mbele ya watu, akisema mama, mama, mama. Mjukuu analia, wasokotaji wanaimba. Na mimi nikaketi chini pale pale kwenye vumbi la tumbaku. Sijawahi kuisikia pumzi ikiingia tamu vile. Tumepona. Sikujua tulikuwa tunazama, lakini tumepona.

Jambo moja dogo. Bwana Digrii aliokota fungu la chini ukutani akalikamua. Maji yakadondoka. Akasema mtu kalowesha upande huu kupita kiasi, ndiyo maana umechemka. Nikakumbuka Ijumaa ile. Nilinyunyiza, nikapapasa, nikaona pakavu. Nikanyunyiza tena, nikapapasa, pakavu. Nikanyunyiza tena.

Kosa ni la ndoo. Ndoo ile ni kubwa mno, nimesema siku nyingi.

Mshumaa sikuupata. Nilikagua kila fungu la nyuma. Umetoweka. Nao ni uamuzi wa busara.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Bwana Digrii kanifuata mapema, hata sijafunga kitambaa kichwani vizuri. Kanionyesha chuma. Kilikuwa na sisimizi, msururu mzima, wanapanda mpaka kwenye uso wa saa. Akasema, "Bibi, chuma changu hakijawahi kutumia sukari."

Nikasema tumbaku yetu ni tamu.

Akainama. Akasema kwa sauti ya chini kwamba jana asubuhi kilisoma arobaini na mbili, na kilisoma sawa, ila alikichomeka upande wa mlango na moto ulikuwa upande wa ukuta. Mwenye karakana akijua chuma kilikuwa kinasema salama huku lundo linaungua, yeye atapanda basi kurudi kwa mama yake. Nikamtazama. Akanitazama. Yeye anajua chai, mimi najua arobaini na mbili. Nikamwambia mwanangu, toboa matundu manne, kila upande moja, na usile karibu na kifaa chako. Akashukuru kama nimempa binti. Alivyoondoka anatembea hata shati lake lilionekana limepumua.

Si kijana mbaya. Nimemsamehe digrii saba kati ya kumi na moja.

Mchana wifi kaja nyumbani. Hajakanyaga kwangu tangu nilipomwambia mguu wake unaleta mchwa. Kakaa bila kukaribishwa. Katoa kitambaa, kakifungua mezani. Ndani jani la koti, na juu ya jani nta, imemwagika nyembamba kama maziwa, katikati alama ya uzi.

Kwa hiyo fundo halikufunguka. Mshumaa uliyeyuka. Alhamisi mshumaa ulikuwa unanipigia kelele na mimi namlaumu mwenye duka.

Wifi akasema alilipata wakati wa kupindua akalificha kifuani kabla yule kijana hajaliona. Nikamuuliza anataka nini. Akasema, "Wifi, mkono huo umekufa tangu mvua."

Nikamwambia ni uzushi. Akasema mwezi wa mvua nilimshikia birika linalochemka, kwa kiganja, tukisengenya, mpaka nikamaliza hadithi. Yeye ndiye aliyeruka. Akasema, "Unadhani kila asubuhi napita kwenye lundo lako kufuata harufu nzuri? Nanusa, nakwambia. Limezubaa, limeamka, bado. Miezi yote hii. Juzi nakwambia linaungua, unaniletea habari za mkate wa mwaka arobaini na saba."

Nikasema mkate ulikuwa mbaya. Akasema mbwa alikuwa mgonjwa.

Halafu akauvuta mkono wangu juu ya meza, akatoa dawa ya kupaka kwenye mkoba, akaanza kulipaka lile lengelenge. Taratibu. Nilimwona akipaka. Sikusikia. Nikautazama mkono wake badala yake, una makovu ya uti wa tumbaku kama wangu, hata kidole kilichopinda ni kile kile. Akasema nimwambie mwenye karakana ukweli, au angalau niende zahanati. Akasema ameshazika kaka, hataki kuzika na mkono.

Nikamwambia ajimiminie chai, birika liko jikoni.

Kwa hiyo ushahidi uandikwe vizuri. Wifi yangu amenipeleleza tangu mvua. Kila asubuhi, bila kukosa. Mtu gani ana moyo wa namna hiyo? Ameahidi hatasema kwa mtu. Ameahidi ataendelea kupita. Nimemruhusu.

Usingizi wa leo utakuwa mzito. Nausikia unakuja toka mchana.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Hukumu.

Mwenye karakana katuita tena uani. Lundo linapumua vizuri chini ya magunia, upya, kavu kwa kavu, matundu manne. Asubuhi wifi alipita akasema linanukia kama asali iliyosahauliwa. Nikamwambia asante. Akashtuka, akagonga mlango na kikapu.

Mwenye karakana kasema mkono na chuma vimesema jambo moja saa ile ile, na vimeiokoa karakana. Vyote vinabaki. Bwana Digrii anabaki. Mama Lundo anabaki, na lundo ni lake mpaka atakapochoka mwenyewe. Meza ya mjukuu iko pale pale. Watu wakashangilia. Nikaona mabega ya mjukuu yakishuka, taratibu, kama mtu aliyetua ndoo. Na mimi nikatua yangu.

Hapo ndipo ningesema. Wifi alikohoa, kikohozi kile cha kunisukuma. Mjukuu, lengelenge lilimtosha ushahidi, ameshaniandikisha zahanati Alhamisi hii, asubuhi, daktari wa mishipa anakuja mara moja kwa mwezi. Kilichobaki ni sentensi moja: bwana, mkono wangu unaumwa. Maneno manne. Nikavuta pumzi.

Mwenye karakana akanitangulia. Kasema Alhamisi hiyo hiyo asubuhi wanunuzi wakubwa wanakuja. Mwonjaji wetu wa sigaa amelazwa, kifua. Wanataka mtu akae nao mezani, awashe sigaa ya kila aina tunayotengeneza, avute, awaeleze: hii ina ukali wapi, ile ina utamu gani, utumbo umetoka jani la juu au la chini. Wakiridhika wananunua mzigo wote. Wasiporidhika, basi. Naye amelala akifikiri na kuamka na jibu. Mtu mwenye mkono kama ule, kasema, lazima Mungu alimpa na ulimi.

Wifi alitikisa kichwa mpaka kitambaa kikamlegea. Bwana Digrii aliangalia viatu vyake. Mjukuu alisema bibi, polepole, kama mtu anayemwita mtoto aliye ukingoni mwa kisima.

Nikasimama wima. Nikamwambia mwenye karakana kwamba mkono si kitu. Angeuona ulimi.

Makofi ua mzima.

Zahanati itasubiri mwezi ujao. Mkono hauendi popote, hata ukienda sitausikia. Nimechukua sigaa moja mezani kwa mjukuu kwa ajili ya mazoezi, nimekaa nayo mlango wa nyuma, kiberiti kiko hapa. Sijawahi kuvuta sigaa hata moja maishani mwangu. Lakini nina siku tatu, na ni moshi tu. Nimepikia kuni miaka hamsini. Moshi gani tena utanifundisha mimi?